Mtutu mpya wa Wendell

Asubuhi, karakana ya Rhonda Tveit inanuka mafuta ya mashine na kahawa iliyochacha. Nje kidogo ya mji wa Lewistown, jimbo la Montana, mwanamke huyu fundi bunduki wa miaka 58 amefunga mtutu mpya kwenye mashine ya kukerezea. Bado hajaiwasha. Anaupima tena, ingawa aliupima jana.

"Nikishachonga chumba cha risasi, hakuna kurudi," anasema. "Mtutu unaolewa na aina moja tu ya risasi."

Mtutu huo ni wa Wendell Kucera, mfugaji ambaye mashine ya kufunga nyasi ilimkata mkono wa kulia chini ya kiwiko. Kabla ya hapo alikuwa hakosi mashindano ya kulenga mabamba ya chuma yaliyo umbali wa yadi elfu moja. Baada ya hapo alikaa nyumbani, televisheni ikiwaka bila yeye kuitazama.

Mkewe, Connie, ndiye aliyemleta kwa Rhonda. Bunduki zake za zamani zilihitaji mkono wa pili kuzikoki kila baada ya risasi. Rhonda akashauri watengeneze inayojikoki yenyewe, alenge kwa bega la kushoto.

Kwa hilo Wendell alikubali. Ugomvi ulikuja kwenye aina ya risasi: Rhonda alipendekeza nyembamba ya milimita 6.5, isiyo na teke kubwa.

"Nataka 308," alisema. "Baba yangu alipiga 308 maisha yake yote."

"Baba yako alikuwa na mikono miwili mizima, bwana."

"Hizo nyembamba zenu za siku hizi ni za watoto wa mjini."

Rhonda hakubishana. Amezoea wateja wabishi. Kabla ya kufungua karakana alitengeneza matrekta kwa miaka ishirini, na mpaka leo kuna wanaoingia na kumuuliza fundi yuko wapi. "Ametoka kidogo," huwajibu. "Hebu nieleze mimi mpaka arudi."

Alimchukua Wendell hadi uwanja wa shabaha, na bunduki mbili za kujikoki za kwake mwenyewe: moja ya 308, nyingine ya milimita 6.5. Upepo ulikuwa unavuma kutoka pembeni. Connie alishika darubini.

Wendell alilala chini, akaanza na 308. Kila risasi ilipotoka, bunduki ilimpiga teke, jicho likaruka nje ya darubini ya bunduki. Hakujua risasi zinaangukia wapi, na upepo ulikuwa unazisukuma mbali. Bamba halikulia hata mara moja. Aliinuka, akawa anafuta vumbi kwenye suruali isiyo na vumbi.

"Twende nyumbani," alimwambia mkewe.

"Piga na ile nyingine kwanza," Connie akamjibu. "Sijaja huku kula upepo."

Akalala tena. Ya kwanza ilipita kushoto, lakini safari hii aliiona mwenyewe ikitimua udongo. Akasogeza shabaha kidogo. Ya pili ikagonga. Mlio wa chuma uliwafikia ukiwa umechelewa, mdogo kama kijiko kwenye kikombe. Wendell akaendelea kulala pale pale, uso ameulaza kwenye bunduki.

"Mzee angenicheka," alisema hatimaye.

"Angekucheka," Rhonda akasema, "halafu angeomba na yeye apige."

Rhonda hakumficha kasoro ya 6.5: mtutu wake huchoka na kupoteza shabaha mapema kuliko wa 308. Wendell alilifikiria hilo wiki nzima, kisha akapiga simu kuagiza wa 6.5.

Sasa mashine inanguruma, vipande vyembamba vya chuma vinadondoka. Mwanamke mmoja wa Great Falls mwenye baridi yabisi mikononi ameshaulizia bunduki kama hiyo. Rhonda anapanga kutenga siku moja kila wiki kwa wateja wa aina hiyo, wajaribu kwanza kabla hajachonga chochote. Wendell anajiandaa kwa mashindano ya Agosti.

Mlango unafunguliwa. Ni yeye, kofia mkononi.

"Nimekuja kuuona. Na ukichoka?"

"Utauleta, nikufungie mwingine."

Wendell anautazama mtutu unavyozunguka.

"Basi nitauchosha," anasema, na kuvuta kiti.