Kuku Aliyehama Akiatamia

Asubuhi ya kuunganisha nyumba zetu mbili tulitoka Kitale bila kujua tutalala wapi. Pikapu ilibeba kitanda changu pamoja na sufuria ambazo mke wangu alikuwa ameleta kutoka kwao Bungoma. Chumba changu kilikuwa kidogo mno kwa watu wawili.

Mapajani mke wangu alishika kikapu chenye kuku ambaye alipewa na mamake siku ya harusi. Kuku yule alikuwa akiatamia, na kuku anayehamishwa hivyo mara nyingi huyaacha mayai yapoe. Alikuwa amemfunika kwa leso mbili.

“Mama, si umchinje tu tule, bana?” dereva akamtania.

“Wewe endesha pole pole. Akiwa gizani hajui amehama.” Kisha akanigeukia. “Huyu hata hanipi wasiwasi. Ni wewe.”

Nilicheka, lakini alisema kweli. Tangu niache shule sikuwa nimekaa mji mmoja tangu mahindi yapandwe mpaka yavunwe. Nimezunguka kwingi, na sijaona mikono tulivu kama ile iliyoshika kikapu kwenye mashimo yote ya barabara.

Kiminini tulionyeshwa nyumba nyuma ya duka la mbolea. Kabla hatujashusha godoro, aliweka kikapu kwenye kona yenye giza, akaondoa leso taratibu. Kuku akasimama. Hata dereva alichungulia mlangoni. Kuku akayageuza mayai kwa mdomo, akatanua mbawa, akaketi.

“Haya,” mke wangu akasema, “umebaki wewe.”

Nikaenda kumwambia mwenye nyumba kwamba tunaichukua.