Unywele Mwekundu Mgongoni mwa Nzi

Wacha niungame tu. Kazi yangu, katika ofisi moja Hurlingham, ni kuchunguza kwa hadubini nzi wa msitu wa Kakamega, wadogo kama punje ya sukari. Ijumaa nikaona mmoja mwenye unywele mwekundu mgongoni. Hakuna kitabu kinachomtaja. Spishi mpya! Kabla hata ya kumwonyesha mkubwa wangu, Dokta, nikampigia Mama: nzi huyu ataitwa jina lako. Jumapili akatangaza kanisani, akapigiwa makofi.

Jumatatu Dokta akachungulia hadubini, akaung'oa ule unywele kwa kibano na kuulaza kwenye mkono wa sweta yangu nyekundu. Ukapotelea hapo.

“Aki pole, Nekesa. Hii sweta ulitoa wapi?”

“Ni Mama alinifumia.”