Salamu Baada ya Mswaki

Juzi niliondoka Arua alfajiri, mbiombio, hata mswaki sikupiga. Nilipofika Koboko nikamkuta mama mmoja ameketi nje ya msikiti akiuza mafungu ya miswaki ya mwarobaini. Sikumsemesha, nilimwonyesha tu kwa kidole fungu nililotaka. Nikatafuna mmoja palepale, na ule uchungu ukanirudisha moja kwa moja uani kwa bibi.

Miaka ile ya themanini tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Kongo, nami nililelewa na bibi mzaa baba. Alikuwa mjane wa askari, na katika kambi za jeshi ndiko alikopatia Kiswahili chake na ukali wake. Kila asubuhi wajukuu tulisimama mstari kando ya mtungi, kila mtu na mswaki wake, bakuli la chumvi na mkaa uliosagwa likipita mkono kwa mkono. Kwa bibi, hakuna aliyemsalimia mwenzake kabla ya kusafisha kinywa. Ukijaribu, angekupita kama hakuoni. Baada ya hapo ndipo salamu zilipomiminika, kisha chai ya moto na mihogo ya kuchemsha ya kuchovya kwenye simsim, ule ufuta uliosagwa. Wacha bwana, tulikula!

Sasa, mimi nilipenda mno kusoma kwa sauti darasani, hata mwalimu akaniita redio. Lakini muhula mmoja jirani yangu wa dawati alianza kugeuza uso kila nilipofungua mdomo. Siku moja akabana pua kabisa, na darasa zima likaangua kicheko. Redio ikazimika. Nilinyamaza shuleni, nikanyamaza na nyumbani. Njiani nilinyonya peremende moja baada ya nyingine, nikidhani harufu nzuri itaifukuza ile mbaya. Kumbe nilikuwa naichochea.

Bibi aligundua kwa sababu ya salamu. Asubuhi moja nilimwitikia nikiwa nimefunika mdomo kwa kiganja.

"Wewe iko na nini?" akauliza. "Mimi nasalimia wewe, wewe naficha mdomo?"

"Bibi, mdomo yangu nanuka. Watu ya shule nacheka mimi."

Nilingoja kugombezwa. Badala yake alinivuta hadi penye jua. "Fungua. Pumua." Akaleta pua yake karibu kabisa na kinywa changu, akanusa taratibu, kama anavyonusa mchuzi kujua umepungukiwa nini. Hakurudi nyuma hata kidogo. Mpaka leo nikiukumbuka uso ule uliobaki palepale, moyo unanijaa.

"Jino ya nyuma iko na tundu," alisema. "Na ulimi iko nyeupe. Wewe nasugua meno ya mbele tu, ya kuonyesha wageni!"

Nilicheka, naye akacheka. Lile jino bovu nilikwenda kung'olewa Arua, nikilia njia nzima juu ya lori. Peremende zikapigwa marufuku. Asubuhi na kabla ya kulala nilisugua mpaka magego, nikapangusa ulimi kwa mswaki uliopasuliwa na kukunjwa, nikasukutua kwa maji ya chumvi. Haikuchukua muda redio ikawaka tena, na jirani yangu wa dawati akaniomba nimletee mswaki.

Miaka mingi baadaye bibi aliugua, akawa wa kitandani. Nilipofika kumwona alivuta leso akafunika mdomo, akanitazama bila kunisalimia. Ndugu walidhani hanitambui. Mimi nilijua. Nikaleta maji ya vuguvugu yenye chumvi, nikazungusha kitambaa laini kidoleni, nikamsafisha fizi na ulimi. Kisha nikasogeza uso wangu karibu na wake, nikakaa hapohapo.

"Iko safi?" akanong'ona.

"Iko safi, bibi."

"Haya. Salaam aleikum, mtoto yangu."

Ua ule wa bibi sasa hauna mtungi wala mstari. Wanangu hunisalimia wakiwa bado kitandani, simu mkononi, nami huwaitikia kwa furaha, maana nyakati ni zao. Lakini pale Koboko nilitafuna mswaki mpaka nyuzi zikalainika, nikasugua magego, nikapangusa ulimi, nikatema pembeni. Halafu nikamgeukia yule mama, nikamwambia, "Salaam aleikum, mama."