Alama Ishirini za Mama Zena

Nakiri mbele yenu: mimi ndiye niliyechora lile jedwali la hatari la mradi wetu wa mabomba ya maji, ofisini Bwiza, wakati wa vita. Kila hatari niliipa alama za uwezekano, nikazidisha kwa alama za madhara. Uvamizi barabarani ulipata kumi na tano. Mama Zena, mtunza stoo, alipata ishirini, maana kila asubuhi alipitia kwanza kituo cha basi kuuliza habari za njia, akachelewa. Kwenye safu ya suluhisho niliandika: "Aachishwe kazi." Nikajiona mtaalamu kweli.

Jumanne lori lilikuwa tayari kupakia mabomba, nami nimeshakaa mbele na faili langu. Mama Zena akakataa kutoa ufunguo wa stoo.

"Apana. Leo njia si muzuri, madereva wameniambia."

Niligomba hadi koo likakauka. Saa sita mchana tukasikia kwamba magari yaliyotangulia yamevamiwa, kwenye njia yetu ile ile.

Nilimshika mikono nikamshukuru mbele ya wote, machozi yakinitoka. Mkurugenzi naye akaguswa. Akasema busara hiyo lazima iingie kwenye jedwali, akalikunjua mezani.

Mama Zena akavaa miwani. Kidole chake hakikushuka mbali, jina lake lilikuwa juu kabisa.

"Kumbe mi niko hatari kuliko bunduki," akasema. Kisha akanisogezea kikombe chake cha chai. "Kunywa, mutoto wangu. Bado unatetemeka."