Jezi Zisizo na Namba

Timu ya Singa ilipoingia uwanjani, watu wa Korogwe hawakushangaa, walikwisha kuzoea. Wageni ndio walioangaliana. Jezi zilikuwa nyeupe, zimepigwa pasi ya mkaa mpaka zinataka kusimama zenyewe, na mgongoni hakuna kitu. Hakuna tisa, hakuna kumi. Refa akitaka kumwonya mchezaji ilimbidi amuulize jina, na mchezaji alilitaja kwa sauti kubwa, lake na la baba yake. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Shamba la Mkonge la Kwamgube, na aliyeianzisha alikuwa mzee mmoja mfupi, mkaidi kama kisiki, aitwaye Matayo.

Matayo alikuwa Mnyamwezi, wala hakuacha mtu asahau. Aliondoka kwao, upande wa Tabora, ndevu za kwanza zikiota, enzi za Mwingereza, baada ya wakala mmoja kupita kijijini akiusifu mkonge kama mtu anayesifu harusi ya dada yake. Akapanda treni, akapanda lori, akashushwa Korogwe na wenzake, wakapangwa mstari. Karani hakumuuliza jina. Alimpa kibati chenye tundu akivae shingoni kwa kamba, na juu yake imegongwa mia nne na saba. Kwa sababu ya namba zile watu wale waliitwa manamba. Neno likashika, likawa tusi la kuwatukania hata watoto waliozaliwa palepale kambini na ambao Tabora hawaijui.

Alfajiri nyapara alisimama na kuita. Mia nne na tano! Nipo! Mia nne na sita! Nipo! Ukichelewa kuitika, siku yako imekufa hata kama umesimama mbele ya pua yake. Matayo aliitika hivyo miaka nenda miaka rudi. Ikafika mahali wenzake walimwita Saba hata kwenye pombe, hata mlangoni pa kanisa, naye akageuka. Mtu wa kwanza kumuuliza, "Lakini mama yako alikuita nani?" alikuwa Efrazia, binti wa mkata mkonge mwenzake, siku moja bombani akichota maji. Matayo alisema baadaye kwamba ilibidi afikiri kidogo kabla ya kujibu. Alimwoa kwa swali hilo, na wapo wanawake waliolipiwa ng'ombe zizi zima ambao hawakupendwa nusu ya alivyopendwa yeye.

Uhuru ulipokuja Matayo alicheza ngoma mpaka viatu vikaachia soli. Kibati lakini hakukivua, maana shamba lilikuwa bado la wenyewe na nyapara alikuwa bado anaita. Alikivua mwaka ule mashamba yalipotaifishwa. Kiongozi mmoja alipanda juu ya trekta akatangaza kwamba tangu leo mkonge huu ni mali ya umma, na kila mfanyakazi ni mwenye mali. Matayo akanyoosha mkono.

"Ndugu kiongozi, mwenye mali ana namba?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikwenda moja kwa moja chooni, akakitumbukiza kibati, akarudi ananawa mikono. Wiki hiyohiyo vijana waliunda klabu ya mpira, wakaiita Singa, zile nyuzi nyeupe zinazotoka korona, kwenye mashine kubwa, mkonge ukishasagwa. Wakamfanya Matayo mzee wa klabu. Naye akawaapisha: mtoto wa Kwamgube havai namba mgongoni. Kambi nzima iliitikia kiapo hicho, Wanyamwezi, Waha, Wabena na Wasambaa, Waislamu kwa Wakristo.

Mwanawe Laurenti alikuwa winga wa kulia. Alikuwa na miguu myepesi na kichwa kitulivu, na alipokuwa akiuburuza mpira pembeni mwa uwanja, wazee waliokuwa wakisinzia walivuta viti mbele. Matayo hakumsifu hadharani hata mara moja. Alisema tu kwamba kijana anapoteza viatu. Lakini kila Singa ilipocheza alikuwa pale, amevaa koti lake la Jumapili, na Laurenti akiguswa na beki wa watu, mzee ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Mtu aliyemwingiza Matayo katika mambo ya mpira wa Afrika alikuwa Mbwana Kibwana, mkulima wa Misima kule Handeni, aliyekuwa akileta mahindi ya kijiji chao cha ujamaa kuuza Korogwe. Mbwana ni Mzigua, na Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mmoja akimtukana mwenzake mbele ya wakwe, au akimchukulia kitu chake, hakuna kesi. Anayekasirika ndiye mwenye kosa. Hao wawili walitukanana kwa furaha kila siku ya soko.

Singa ilipotwaa ubingwa wa wilaya, Mbwana alikuja akaketi barazani bila kukaribishwa.

"Mnyamwezi, unajua mwanao anakwenda wapi?"

"Tanga, kucheza na mabingwa wa wilaya nyingine."

"Ndiyo maana mlibebeshwa mizigo ya misafara, hamwoni mbali. Sikiliza. Akishinda Tanga ni bingwa wa mkoa. Mabingwa wa mikoa wakikutana, anabaki mmoja. Huyo mmoja ndiye Tanzania! Kila nchi ya Afrika inatoa bingwa wake mmoja tu. Wa pili anabaki nyumbani kulima, hata kama kazidiwa kwa bao moja."

"Na huyo mmoja ndiyo keshafika?"

"Wapi! Anapangiwa bingwa wa nchi nyingine. Wanacheza kwa huyu, kisha wanarudiana kwa yule, mabao yanajumlishwa, na mmoja anakwenda zake kulala. Yakilingana, bao la ugenini ndilo lenye uzito."

"Kwa nini la ugenini?"

"Wewe ndiye wa kuniuliza?" Mbwana akamwangalia juu mpaka chini. "Umekata mkonge wa watu miaka yote hii, hujui kwamba jasho la ugenini ni zito?"

 Siku hiyo Matayo alitambua kwamba anautaka huo mwendo wa Afrika, na kwamba anautaka kuliko vijana wenyewe.

Singa ikashinda Tanga. Kambi haikulala. Lakini kabla sherehe haijapoa, alifika afisa wa mpira, kijana mpole aliyevaa suruali ya kunyooka. Aliwapongeza wananchi wote waliokusanyika uwanjani, kisha akakohoa. Kanuni za fainali za taifa, alisema, zinataka kila mchezaji awe na namba mgongoni. Asiye na namba haingii uwanjani, na timu isiyoingia imefungwa. Afrika nako ni vilevile.

Watu wote wakageuka kumtazama Matayo.

"Basi wasiende," alisema.

Hakuna aliyempinga, na hilo ndilo lililomuuma. Angepingwa angepigana. Mzee Fabiani wa korona aliinamisha kichwa. Vijana walichora mchanga kwa vidole vya miguu. Laurenti akasogea mbele, akasimama kwa adabu.

"Baba, niliapa mbele yako. Usiponifungua sivai. Wala wenzangu hawavai."

Usiku wa kiapo kile Matayo alidhani amewavika watoto heshima. Sasa aliona kwamba amewafunga kamba, na ncha yake ameishika yeye. Alirudi nyumbani akaketi jikoni bila kugusa ugali. Efrazia alikuwa akichambua mchicha.

"Kile kibati chako alikigonga nani?" Efrazia aliuliza.

"Nitamjuaje?"

"Nani alikuvalisha?"

"Karani. Unajua."

"Mimi sindano yangu naijua. Mtoto namjua, nilimzaa mwenyewe. Nitashona namba kwa mkono wangu, na mpira ukiisha atavua jezi nitafua. Wewe kibati ulikivua baada ya miaka mingapi?"

Matayo alimsaidia kuchambua mpaka mchicha ukaisha.

"Shona," alisema hatimaye. "Nawafungua. Lakini macho yangu msiyaombe. Sitakwenda kumwangalia mwanangu akiwa na namba."

Kwa kuwa winga wa kulia kwa desturi huvaa saba, Laurenti alipata saba. Mbwana aliposikia alicheka mpaka akashika ukuta. "Mnyamwezi ni bahili hata kwenye urithi! Saba kampa mtoto, mia nne kazificha." Matayo naye, kwa mara ya kwanza tangu afisa aje, alitabasamu. Lakini neno lake hakulirudisha.

Fainali za taifa zikachezwa, naye akashinda shambani kwake akipalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Jioni alizunguka mambo kama paka anavyozunguka maziwa ya moto. "Kuku wamelala? Kuni zipo?" Kisha, akiwa amempa Efrazia mgongo: "Na ile timu?" Ile timu ilikuwa ikishinda. Siku iliyotwaa ubingwa wa nchi nzima, king'ora cha korona kililia saa isiyo yake, na Matayo akaingia ndani, akafunga mlango, akalia peke yake kwa fahari. Alipotoka alisema moshi umemwingia.

Wakapangiwa mabingwa wa nchi jirani. Mchezo wa kwanza, ugenini, Singa ikafungwa mbili kwa moja, na hiyo moja alifunga Laurenti. Mbwana alikuja mbio na baiskeli, jasho linamtiririka. "Lile la kwao ni zito, Mnyamwezi! Marudiano ni Dar es Salaam. Moja bila, tumefuzu!"

"Mmefuzu nyinyi. Mimi nina mahindi."

 Mbwana aliingia ndani kama kwake, akafungua sanduku, akatoka na koti la Jumapili. Akalivaa. Yeye alikuwa mrefu, mikono ya koti ikamwishia karibu na viwiko. "Koti hili linakwenda Dar kuangalia mpira," alisema. "Limechoka kukaa gizani na mtu mwenye kiburi. Ukilitaka, lifuate." Akapanda baiskeli.

Matayo alisimama mlangoni. Hakuweza kukasirika, utani haumruhusu. Hakuweza kuita polisi, wangemcheka. Na koti alilinunua mwaka wa Uhuru. Efrazia, aliyekuwa amekwisha kujifunga kitenge cha safari, alimpa kofia yake. Walimkuta Mbwana stendi ya Korogwe, ameketi ndani ya basi kiti cha dirishani, na viti viwili kando yake amevitandazia magunia asikae mtu.

Matayo hakuwa amewahi kuona watu wengi mahali pamoja kama uwanjani pale Dar es Salaam. Aliketi akiangalia magoti yake. Kisha kipaza sauti kikakoroma, na sauti ya mtu ikaanza kuita. "Namba moja." Mgongo wa Matayo ulinyooka wenyewe. Mwili haukusahau, ulikuwa umerudi kwenye mstari wa alfajiri. Alisubiri namba ya pili, maana ndivyo ilivyokuwa siku zote, namba ikifuatwa na namba. Lakini sauti ile iliendelea: "Ponsiano Fabiani." Watu wakashangilia. "Namba mbili, Jonathan Mdoe." Wakashangilia tena. Mkono wa Efrazia ukamshika kiganja. "Namba saba, Laurenti Matayo."

Akainua macho. Kule chini, kwenye majani ya kijani, kijana mwembamba alikuwa ameinua mkono, na mgongoni ile saba aliyoishona mama yake kwa uzi mweusi, imenyooka, haina aibu.

"Umesikia?" Mbwana alimnong'oneza. Safari hii hakutania.

"Nimesikia."

Mpira ule ulikuwa mgumu. Mabeki wa wageni walikuwa watu wa miraba minne, na muda ulizidi kwenda bila bao. Matayo alisahau magoti yake, akasahau kiapo, akampigia refa kelele za Kinyamwezi ambazo ni heri hakuna aliyezielewa. Kipindi cha pili kikielekea ukingoni, Laurenti aliupata mpira karibu na mstari, akamwacha wa kwanza, akamzunguka wa pili, akaingia ndani na kuupiga chini, pembeni, mahali ambapo golikipa alifika amechelewa.

Bao. Moja bila. Filimbi ya mwisho ilipolia, kelele zilikuwa bado hazijashuka. Singa, timu ya watoto wa manamba, ilikuwa imefuzu kuendelea na Afrika.

Watu wa Dar es Salaam hawakuwa na subira na jina refu. Laurenti liliwashinda midomoni, wakachukua la pili ambalo ni jepesi kuimba. Lilianzia upande wa jua, likazunguka, likajaa uwanja mzima. Matayo! Matayo! Matayo!

Mzee alikuwa ameduwaa, kofia imemwanguka. Mbwana akalivua koti, akamvalisha begani taratibu kama anayemvalisha bwana harusi.

"Vaa koti lako, Mnyamwezi. Unaitwa."

Matayo akaingiza mikono, akafunga vifungo vyote, akasimama wima kama alivyokuwa akisimama mbele ya nyapara. "Nipo!" akaitika kwa nguvu zake zote, na machozi yakimshuka mbele za watu bila kuyasingizia moshi. Alikuwa ameitika neno hilo asubuhi zote za ujana wake, ila leo ndiyo kwanza aliyeitwa alikuwa yeye.