Mbwa Wangu Alipoacha Kuniitika

Mwaka wa pili wa kazi yangu ya uuguzi kule Shela, kisiwani Lamu, mbwa wangu aliacha kuniitika. Nilimlea tangu akiwa kitoto, na kuja, kukaa na kulala nilimfundisha mwenyewe kwa vipande vya chapati. Kisha nikawa nasimama mlangoni naita, "Njoo! Njoo hapa!" naye anasimama kichochoroni, ananitazama machoni, halafu anageuka na kwenda zake.

Kwanza nilishuku masikio. Nikayamulika kwa tochi yangu ya kliniki, yalikuwa safi. Tena nikifungua mfuko wa mkate chumbani, yeye aliyekuwa uani alifika kabla sijatoa kipande. Alikuwa anasikia. Ni mimi tu ambaye hakutaka kunisikia.

Basi nikaanza kushuku watu. Mimi ni mtu wa bara, Mkristo, mpangaji, na nilifuga mbwa katika mtaa ambao mtu akiguswa na mate yake huosha mara saba, moja kwa udongo. Hakuna aliyenitukana. Wanaume walikusanya tu kanzu zao nikipita naye, wakaniamkia kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nilikuwa nimesikia kwamba anayetaka kumpa mbwa sumu humzoesha kwanza. Nikawa namkagua mdomo kila arudipo.

Siku moja akarudi ananukia udi.

Harufu ya samaki ningeielewa, maana Shela hapakosi vichwa vya samaki. Lakini udi haupatikani jalalani. Mbwa wangu alikuwa anaingia nyumba ya mtu.

Nilimwuliza mlinzi wa nyumba ya wageni iliyo mkabala na kwangu kama amemwona mbwa wangu anakokwenda mchana.

"Mbwa hutembea, sista," alisema.

"Najua hutembea. Anatembea kwa nani?"

Akacheka, akautazama ukuta wa nyuma ya nyumba yangu, kisha upesi akatazama viatu vyake.

Nyuma ya ukuta ule aliishi bibi mmoja mjane. Siku niliyohamia aliniambia, "Mwanangu, huyo mnyama wako asinivukie kizingiti." Kwa hiyo sikuwahi kumfikiria. Wiki iliyopita, nikiwa zamu ya usiku na kulala mchana, nilikuwa nikimsikia akisema, "Ndoo, ndoo," nikadhani anamwagiza mtumishi wa nyumbani ndoo ya maji.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikarudi saa saba kwa uchochoro wa nyuma na kujibanza kwenye kona. Sauti ikaja: "Ndoo, mama, ndoo. Keti hapo."

Mbwa wangu akaja mbio na kuketi mbele ya kizingiti, mgongo wima, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Bibi akamsukumia kifuu cha wali na vichwa vya samaki kwa mpini wa ufagio. Kando yake chetezo kilifuka moshi wa udi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ndoo ile haikuwa ya maji; ndivyo watu wa Lamu wanavyosema njoo.

"Kumbe ni wewe!" nilisema, nikajitokeza.

Alishtuka, lakini hakukana. "Usipige kelele, majirani watasikia."

"Unamtakia nini mbwa wangu?"

Alisema kuna dalali anayemjia kila mchana. "Yuwaya kula mtana kunitaka nitie sahihi, nyumba iuzwe. Sijui atumwa na nani. Wanangu wako Mombasa, nao nikiwauliza wanyamaza. Siku moja mbwa wako alikuwa amelala barazani. Yule bwana alimwona akarudi ndia aliyoiyia. Tangu hapo humwita. Sikumgusa hata unywele."

Sikumwamini. Habari ya dalali ilinijia imenyooka mno. "Mbona mimi nikimwita haji?"

"Humwitaje?"

Nikaita. Mbwa hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kifuu.

"Na humwita wakati gani?"

Nikafikiri. Asubuhi, nimfunge nikaenda kazini. Jioni, nimfungie ndani. Jumamosi, nimkoshe kwa sabuni ya kupe.

"Mwanangu," alisema, "neno hilo hata mimi ningelikimbia."

Mara mwanamume akatokea mwisho wa uchochoro, viatu vinang'aa, bahasha kubwa kwapani. Alipomwona mbwa alisimama. Bibi alirudi ndani ya kizingiti, akausogeza mlango nusu. Haya hayakuwa maigizo.

"Sista, huyo mbwa ni wako?" aliita kutoka kule kule. "Mtoe hapo, nina kazi na mama."

"Njoo," nikamwambia mbwa. Kweli nilimwita, kwa sauti yangu ya kila siku. Hakusogea.

"Hanisikii," nikamwambia yule bwana. Sikuwa nasema uongo.

Alingoja, akaangalia saa, akaondoka.

Nilianza upya na mbwa wangu. Namwita, nampa kitu, namwacha aende zake bila kumfunga. Ilichukua muda mrefu hadi akaniamini, na siku nyingine bado alinipima kwanza kwa macho. Mchana nilimwachia bibi. Dalali alirudi mara mbili tatu, kisha hakuonekana tena. Aliyemtuma hatukumjua. Wanawe wakipiga simu, bibi aliniita nikae karibu, akaiweka simu kwenye spika, akawasikiliza kwa makini akijibu neno moja moja. Wakikata, aliniuliza, "Huyu wa leo wamwonaje, aweza kuwa ndiye?"