Mpira wa Chini

Kukaa kumenishinda tangu utotoni. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshavaa viatu. Kwa hiyo daktari aliponiambia nipumzishe mkono, nilimuuliza nipumzishe mpaka lini, naye akajibu mpaka nipate nafuu. Nilitoka pale nimefura. Mtu anayekwambia usubiri bila kukwambia mpaka lini hajakutibu, amekufunga jela. Wifi yangu, aliyenisindikiza, alinikimbilia nyuma akiuliza kama nimesahau dawa. Nilikuwa nimezisahau kweli.

Kilichokuwa kinauma ni kifundo cha mkono wa kulia, upande wa kidole gumba. Kilianza kama mzaha nilipokuwa nakamua nguo. Kikahamia kwenye kuinua birika, kisha kwenye mkasi, na mimi ni fundi cherehani, bila mkasi sili. Hayo yote niliyavumilia. Nguo akazikamua mume wangu, birika nikalishika kwa kushoto, vitambaa vizito nikawa nakata kidogo kidogo huku nasonya. Kilichoninyima raha ni rede.

Wasichana wa huku kwetu wote wameicheza. Warushaji wawili wanasimama mmoja huku, mmoja kule, na katikati yao kuna mtu anayejaza chupa mchanga huku akikwepa mpira. Mpira ukimgusa, ametoka. Akiijaza chupa na kuimwaga kabla hajaguswa, timu yake imepata pointi. Watu wakisikia wanawake wenye watoto wakubwa wanacheza rede, wanacheka. Wacheke tu. Hapa Pangani, mtaani kwetu Kibaha, tuna timu ya akina mama. Jioni tunafunga kanga viunoni juu ya suruali na kutimua vumbi, na kila mwaka tunakwenda kwenye bonanza kupambana na akina mama wa Kisarawe.

Na katikati ya timu ya Kisarawe anasimama dada yangu.

Tumezaliwa Kibuta, huko huko Kisarawe, mimi na yeye. Mimi nikaolewa Kibaha, yeye akabaki. Tangu nikiwa na meno ya utoto mimi narusha, yeye anakwepa, na sijawahi kumpiga. Sisemi nilimpiga mara chache. Sijawahi. Mpira wangu ulikuwa unatoka juu ya bega, na mwishoni kifundo kinakatika ghafla, mpira unadondoka pale mtu asipoutarajia. Wengi nimewatoa kwa mpira ule. Dada hauangalii hata kidogo. Anaangalia mkono wangu, na kabla sijaachia ameshajua pa kuukwepa, kwa sababu alikuwepo siku nilipojifunza kurusha. Nilichokitaka ni kumpiga mara moja tu, kabla magoti ya mmoja wetu hayajatustaafisha. Sasa kifundo kile kile ndicho kinanisaliti.

Mrushaji wa upande wa pili wa timu yetu ni wifi, dada wa mume wangu. Alikuja barazani nikiwa nimefungulia redio kubwa ili nisisikie mkono.

"Wifi, mwaka huu kaa pembeni. Tutamweka mwalimu wa chekechea."

"Mwalimu anarusha kama anawamwagia kuku mtama."

"Lakini mkono wake mzima."

"Na wangu mzima."

"Haya, inua birika hilo."

Nikamwambia aondoke barazani kwangu. Akaondoka akisema sikio la kufa halisikii dawa, na kesho yake akarudi na bandeji na mafuta ya nazi. Ndivyo alivyo wifi, atakutukana kwanza, msaada utafuata.

Nikaanza na mpira. Mpira wetu ulikuwa soksi kuukuu zilizoshindiliwa matambara na kufungwa kamba, mzito na mgumu. Nikaufumua. Nikajaza sponji tupu, upepo ukaubeba. Nikatengeneza mwingine mdogo wa vipande vya vitenge, huo ukanikosesha hata kushika kijiko, maana kitu kidogo lazima ukikamate kwa nguvu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hata kukamata peke yake kunaniumiza. Basi nikashona mkubwa, sponji ndani, matambara juu yake, na nje kitambaa cha jinzi ambacho hakitelezi, ili ukae kiganjani bila kuminywa.

Bandeji nayo ilikuwa kero. Nikiikaza vidole vinakufa ganzi, nikiilegeza haina kazi. Nikaivua nikaitupa kule, nikashona mkanda wangu wa jinzi, ndani nikatia kipande cha rula ya plastiki kuzuia kifundo kisikunjike. Nilijisifu sana kwa ule mkanda. Nikaenda uwanjani, nikarusha kama kawaida yangu, na mpira ukaenda kupiga ndoo ya maji ya jirani.

Wifi akanirekodi kwa simu. Tukaangalia vichwa vyetu vimegongana juu ya kioo, na nikajionea aibu yangu mwenyewe: mwili umesimama kama nguzo ya umeme, kazi yote kinaifanya kifundo.

"Yaani mwili wote uko likizo," wifi akasema. "Utaachaje kuumwa?"

Nikaanza kurusha kutokea chini. Mkono unapita kando ya paja ukiwa umenyooka, mguu wa kushoto unatangulia, kiuno kinageuka, mpira unaachiwa usawa wa goti na kwenda ukiambaa ardhi. Wifi alicheka mpaka akakaa chini, akasema navingirisha chungwa. Lakini mtu aliyechuchumaa anajaza chupa, mpira wa chini unamsumbua kuliko wa juu. Sikutulia tena. Nilirusha asubuhi kwenye ukuta, nikarusha mchana nikiwa na wateja, nikaunguza wali nikirusha. Mume wangu akauliza mkono utapona lini kama haupati hata nafasi ya kuumwa. Nikamwambia utapona Kisarawe.

Siku ya bonanza tulikodi gari, tukakata kona Kiluvya, na njia nzima sikukaa vizuri kwenye kiti. Dada alikuwa ameshafika uwanjani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekonda."

"Sijakonda."

Habari za mkono nilikuwa sijamwambia. Dada ukimwambia kichwa kinakugonga, anapanda gari na mchaichai. Na nilivaa mikono mirefu, mkanda hauonekani.

Wenzake walitoka mmoja baada ya mwingine, mwishowe akaingia yeye. Akajifunga kanga, akachuchumaa, akaanza kujaza chupa bila haraka, jambo ambalo limenikera maisha yangu yote. Wifi akarusha, dada akapinda kiuno tu. Nikarusha wa chini. Akauruka, lakini alichelewa, na alipotua akanitazama. Wifi akarusha tena, ukapita. Mpira ukanifikia, nikavuta pumzi, mguu wa kushoto, kiuno, nikaachia.

Ukampiga mguuni.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua nilikimbia uwanja mzima, wifi akinifuata, akina mama wa Pangani wakipiga vigelegele. Dada alikuwa bado amesimama pale pale, chupa mkononi, na mimi nikafurahi zaidi kumwona ameduwaa. Kisha akaja moja kwa moja, akawapangua watu, akanishika mkono wa kulia, akapandisha mkono wa nguo.

"Mkono umefanya nini?"

"Nimekupiga!"

"Nimeona. Mkono umefanya nini?"

"Mpira wa chini hukuujua, dada, sema kweli."

"Mpira sikuuangalia. Nilikuwa naangalia mkono. Nikaona haukunjiki." Akaubonyeza mkanda. "Nilidhani umevunjika, mdogo wangu, halafu hukuniambia."

Furaha yangu yote ikanitoka. "Kwa hiyo umenipa."

"Usinitukane. Sijakupa. Nilisahau kukwepa."

Nililia, na sikujua nalia kwa hasira au kwa nini. Miaka yote amenishinda kwa kuutazama mkono wangu, na siku hiyo mkono huo huo ukamshughulisha mpaka akasahau mchezo. Huwezi kujisifia ushindi wa namna hiyo, na huwezi kumkasirikia mtu kwa sababu hiyo. Nilijaribu vyote viwili.

Hakukubali turudi Kibaha. Akatuchukua mimi na wifi mpaka kwake Kibuta, akachemsha maji, akanikanda kwa kitambaa cha moto, akanichua taratibu kutoka kwenye kiwiko kushuka. Kila akimaliza kidogo nilisimama, nikaenda mpaka kwenye mkorosho, nikarudi.

"Kaa," alisema.

"Nimekaa."

"Umekaa wapi?"

Mwisho akanitazama, akaweka kitambaa chini. Akajifunga kanga, akaokota chupa tupu ya maji, akaenda kusimama katikati ya uwanja wa nyumba.

"Wifi, simama kule. Na wewe simama pale. Rusha huo wa chini, mara moja tu. Mkono una nini nimeshajua, sasa naangalia mpira."

Nikarusha, na niliurusha vizuri, naapa. Akauruka kama msichana, mpira ukapita chini yake ukaenda kwa wifi. Wifi akarusha wake, dada akaukwepa, ukanirudia. Nikataka kurusha tena, kifundo kikanichoma mpaka mpira ukanidondoka. Dada alichuchumaa akaanza kujaza chupa kwa uvivu wake ule ule, hakuna wa kumrushia, mpaka ikajaa. Kisha akaja akamwaga mchanga wote miguuni pangu.

"Basi. Sasa huo mkono upumzike."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposema mimi."

Nikakaa.